Sufuria na Mwiko Viingie Kliniki

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiketishwa karibu na sufuria tupu na mwiko hahitaji kuelekezwa la kufanya. Ataipiga, ataifunika, ataifunua, ataingiza kichwa ndani na kuisikiliza sauti yake mwenyewe, kisha atampelekea mama mwiko na kumtazama usoni akisubiri jibu. Katika nyumba nyingi jibu analolipata ni moja: acha kelele. Mwiko huchukuliwa, sufuria hurudishwa kichanjani, na mtoto hubaki akichezea vumbi. Anayefanya hivyo hana nia mbaya. Amekua akijua kwamba vyombo ni vya kupikia, na kwamba mtoto mwema ni yule anayetulia.

Fikra hiyo inastahili kuangaliwa upya, na wa kwanza kuiangalia wawe wahudumu wa afya. Mchezo wa mtoto mdogo nyumbani, kwa vyombo vilivyopo na pamoja na mtu mzima anayemjibu, ni sehemu ya huduma ya afya kama ilivyo chanjo na uji wenye lishe. Haupaswi kuachwa uwe jambo la bahati, litegemee mama mwenye moyo au nyumba yenye nafasi. Unapaswa kuulizwa, kufundishwa na kufuatiliwa kliniki.

Hoja hii ina uzito wa pekee mkoani Rukwa. Ichukuliwe kata ya Kaoze, katika Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Juu ya safu hiyo uko uwanda wa Ufipa wenye baridi, mahindi, maharage na ulezi. Chini bondeni kuna joto, mpunga, mifugo na samaki. Mgeni apitaye huko wakati wa mavuno, akiona magunia yaliyopangwa barazani, atadhani kwamba watoto wa nchi hiyo hawana shida ya kukua. Takwimu zinasema vingine. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Mkoani Rukwa kiwango kilikuwa asilimia 49.8, yaani karibu mtoto mmoja kati ya kila wawili.

Udumavu hupimwa kwa urefu, lakini hasara yake kubwa haiko kwenye urefu. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote baada ya kuzaliwa. Mtoto wa miaka miwili huwa na ubongo uliokaribia asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika kipindi hicho seli za ubongo huunganishwa kwa wingi, na miunganisho inayotumika mara kwa mara huimarika, ilhali isiyotumika hufifia. Chakula huleta malighafi ya kazi hiyo. Kinachoiongoza ni yale ambayo mtoto anayaona, anayashika, anayasikia na anayajibiwa kila siku.

Hapa ndipo udumavu unapotega mtego ambao wazazi wengi hawauoni. Mtoto asiyepata lishe ya kutosha huchoka upesi. Hatambai mbali, hashiki vitu vingi, hapigi kelele, halii sana. Kwa kuwa ni mdogo wa umbo, watu wazima humchukulia kama mtoto wa umri wa chini kuliko wake: wanambeba mgongoni kwa muda mrefu zaidi, hawamwambii maneno mengi, hawamtazamii afanye mapya. Yeye hawaombi kitu, nao hawampi. Nesi akiuliza hali, mama hujibu kwa faraja, "Hasumbui, nesi. Anatulia tu." Jibu hilo linapokelewa kama habari njema, na safari inaishia kwenye mizani. Lakini utulivu wa mtoto wa miezi 15 katika mkoa ambao nusu ya watoto wamedumaa ni dalili inayohitaji swali la pili. Mtoto mwenye afya wa umri huo husumbua. Hufungua, humwaga, hurusha, huvuta, na huuliza kwa kidole kabla hajaweza kuuliza kwa mdomo.

Tiba haijawahi kuwa ngeni kwa jambo hili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wenye utapiamlo mkali una hatua kumi, na hatua ya tisa ni uchangamshi wa milango ya fahamu na upendo. Humo imeelekezwa kwamba mtoto aliyelazwa achezeshwe kwa utaratibu kwa dakika 15 hadi 30 kila siku, kwa vitu vya kuchezea vinavyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida. Maana yake ni kwamba mtoto anapofika wodini akiwa hoi, mchezo huandikwa pamoja na maziwa ya tiba na dawa. Inashangaza kwamba mchezo huohuo hausisitizwi miezi sita kabla, mtoto anapokuwa bado kijijini, akipimwa kila mwezi, na mama yake ameketi kwenye benchi la zahanati akisubiri zamu.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka mbali na Ufipa, lakini unahusu watoto wa aina ileile. Katika miaka ya 1980 jijini Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa maziwa ya nyongeza, kilo moja kwa wiki. Kundi la pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii, saa moja kila wiki, ili kumwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kimojawapo. Huduma hiyo iliendelea kwa miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba maziwa na mchezo, kila kimoja, viliinua maendeleo ya watoto, na waliopata vyote walifanya vizuri zaidi. Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa kwamba wale waliochezeshwa walikuwa wakipata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakuchezeshwa. Manufaa ya maziwa peke yake hayakuonekana tena kufikia umri huo.

Taarifa hiyo isisomwe vibaya. Haisemi kwamba mchezo unashinda chakula. Mtoto wa Kaoze anayelishwa ugali mtupu bado anahitaji samaki, maharage, yai, mboga na matunda, na bado anahitaji maji safi ili kuhara kusile kile alichokula. Isitoshe, watoto wa Kingston walitembelewa kila wiki kwa miaka miwili, na ushauri wa dakika mbili kliniki hauwezi kudai matokeo kama hayo. Kinachothibitishwa ni kwamba lishe ikishughulikiwa peke yake, nusu ya kazi inabaki haijafanywa, na kwamba nusu hiyo haihitaji duka.

Kwa hakika nyumba ya kawaida ya Rukwa ina vifaa vyote. Mtoto anayeanza kukaa na kutambaa anafaidika na kapu lenye vitu vya maumbo na miguso tofauti: kijiko cha mbao, kikombe cha bati, kifuniko kikubwa, kipande cha khanga, kibuyu kikavu, gunzi la mahindi. Mwingereza Elinor Goldschmied alilifanya kapu la namna hiyo kuwa maarufu katika vituo vya kulelea watoto vya Ulaya, akiliita kapu la hazina. Bibi wa Ufipa hahitaji kulisoma kutoka Ulaya, kwa kuwa vitu hivyo vimemzunguka. Anachohitaji ni kuambiwa na mtu anayemwamini kwamba kumwachia mjukuu avishike ni kumfundisha.

Mtoto wa mwaka mmoja hupenda kutia na kutoa. Magunzi kumi na ndoo kavu vinatosha kwa nusu saa: anayatia, anayamwaga, anayatia tena. Kwa mtu mzima huo ni mchezo usio na maana. Kwa mtoto ni somo la ndani na nje, la kujaa na kuwa tupu, na la mkono unaotii jicho. Kujifunika uso kwa khanga na kujifunua humfundisha kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, na kwamba mama aliyeondoka atarudi. Akifikisha mwaka na nusu, vikombe vitatu vya ukubwa tofauti humfundisha kupanga kimoja ndani ya kingine. Chupa ya plastiki iliyotiwa kokoto chache na kufungwa kwa nguvu humwonyesha kwamba kitendo chake huleta matokeo. Afikapo miaka miwili ataanza kuigiza: atapika ugali wa udongo, atambeba mgongoni mtoto wa gunzi aliyevishwa kitambaa, atapepeta kwa ungo mdogo. Kuigiza huko ndiko mwanzo wa kufikiri juu ya kitu kisichokuwepo, na baadaye kutamsaidia kuelewa kwamba herufi husimama badala ya sauti.

Hata hivyo, kifaa kikuu katika michezo yote hii ni mtu. Sufuria iliyoachwa mbele ya mtoto pweke humfundisha kidogo. Mtoto anapoipiga mara mbili na baba naye akaipiga mara mbili, kisha akangoja, mazungumzo yameanza. Anaponyooshea kuku kidole na dada akasema, "Naam, kuku huyo, anakula," mtoto amepewa neno wakati uleule alipolihitaji. Lugha ya mazungumzo hayo ni ile inayotoka moyoni mwa mlezi, iwe Kifipa, Kisukuma au Kiswahili. Hakuna sababu ya mama kunyamaza kwa kudhani kwamba lugha yake haifai kwa mtoto atakayesoma shule.

Lipo pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Mama wa bondeni huamka kabla ya jua, hufuata maji, hutafuta kuni, hushinda shambani akipalilia mpunga, na jioni hupika. Kumwambia leo kwamba anapaswa pia kutenga saa ya kumchezesha mtoto ni kumwongezea mzigo na kumpa kosa jipya la kujilaumu. Pingamizi hili ni la haki, nalo linaonyesha namna ushauri unavyopaswa kutolewa. Mchezo wa mtoto mdogo hauhitaji saa yake. Unaingia ndani ya kazi. Mama anapopukuchua mahindi, magunzi yanamfikia mtoto. Anapofua, mtoto hupewa kitambaa chake na beseni lenye maji kidogo, naye mama akiwa palepale. Anapoanua nguo, humwuliza hii ni ya nani. Anapopika, mtoto hukaa mbali na moto akiwa na mwiko wake. Dakika tano hapa na tano pale, siku nzima, hujumlika.

Wala mama si mlezi pekee. Katika familia nyingi za Rukwa mtoto hushinda na kaka au dada mwenye umri wa kwenda shule, au na bibi, hasa wazazi wanapohamia mashambani wakati wa kilimo. Hao ndio wanaocheza naye zaidi, na mara chache sana huelekezwa lolote. Akina baba nao wana nafasi yao. Baba anayejua kuchonga mpini anaweza kuchonga vipande vya mti laini visivyo na ncha, na anayeketi barazani jioni anaweza kumweka mtoto magotini na kumtajia sehemu za mwili. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inautaja ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio sambamba na afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama. Malezi ya namna hiyo hayakuandikwa kwa mama peke yake.

Ushauri huu ukitolewa bila tahadhari unaweza kudhuru. Nyumba yenye vifaa vya mchezo ndiyo hiyohiyo yenye hatari. Punje za mahindi, maharage na karanga hazifai kwa mchezo wa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu huweza kuingia katika njia ya hewa na kumwua kwa dakika chache. Kanuni rahisi ni kwamba kitu kinachoweza kuingia chote kinywani mwake asipewe. Betri ndogo za duara zikimezwa huunguza koo. Dumu au chupa iliyowahi kuwekwa kiuatilifu au dawa ya mifugo haioshwi ikawa ya kuchezea, hata ikionekana safi. Mifuko ya plastiki huziba pumzi. Ndoo yenye maji kidogo yanatosha kumzamisha mtoto anayetangulia kwa kichwa, hivyo mchezo wa maji ni wa mtu mzima akiwa karibu, na maji humwagwa mara mchezo unapokwisha. Jiko la mafiga liwe na mpaka ambao mtoto hauvuki. Mhudumu anayesema "mpe mtoto vitu achezee" bila kutaja haya amefanya nusu ya kazi yake.

Kitu kimoja kipya kimeingia hata vijijini, nacho ni simu. Mtoto anayelia hupewa simu yenye picha zinazotembea, naye hutulia papo hapo. Utulivu huo unafanana na ule wa mtoto dhaifu kwa jambo moja: hakuna anayemjibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unamtaka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili awe katika mwendo kwa jumla ya angalau dakika 180 kwa siku. Ua wa nyumba ya Kaoze, wenye mbuzi, kuku na kivuli cha mwembe, unaweza kutimiza agizo hilo bila gharama.

Basi nini kifanyike kliniki? Kwanza, liongezwe swali moja katika kila hudhurio la mtoto wa chini ya miaka mitatu: "Mama, nyumbani mtoto anacheza na nani, na kwa kitu gani?" Swali hilo halihitaji chombo, na jibu lake hufunua mengi. Mama akisema mtoto hachezi, mhudumu ana sababu ya kumtazama zaidi. Mtoto asiyetembea mwenyewe akiwa na miezi 18, asiyenyoosha kidole wala kutamka neno katika umri huo, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, apelekwe kwenye uchunguzi bila kuambiwa kwamba atabadilika akikua.

Pili, muda wa kusubiri utumike. Kila zahanati inaweza kuwa na mkeka mmoja na beseni lenye vyombo safi vya nyumbani: vikombe, vifuniko, vitambaa, magunzi. Akina mama wanaosubiri mizani wakionyeshwa michezo miwili kwa vitendo, na wakaifanya palepale na watoto wao, watakwenda nayo nyumbani kuliko wakihutubiwa. Wahudumu watasema, kwa haki, kwamba wao ni wachache na foleni ni ndefu. Lakini foleni hiyo ndiyo darasa, na mwalimu wake anaweza kuwa mama mwenye uzoefu aliyepewa maelekezo. Vyombo vioshwe kwa sabuni, na mtoto mwenye kikohozi au kuhara apewe vya peke yake.

Tatu, mchezo uingie katika kazi za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024. Wao ndio wanaofika mlangoni, ndio wanaojua ni nyumba ipi mtoto ametulia kupita kiasi, na ndio waliofanana zaidi na wale waliofanya kazi Kingston. Nne, vyuo vya afya na vyuo vikuu vya tiba viulizane vinamfundisha nini daktari na muuguzi kuhusu mchezo. Mwanafunzi anayeweza kutaja kipimo cha maziwa ya tiba kwa kila kilo ya uzito lakini hawezi kumwonyesha mama mchezo mmoja wa kumfaa mtoto wa miezi kumi hajakamilisha hatua zote kumi. Stadi hiyo ifundishwe wodini kwa vitendo, na itahiniwe.

Wazee husema udongo uwahi ungali maji. Kwa mtoto wa Rukwa, wakati wa udongo kuwa maji ni mfupi, na sehemu kubwa yake hupita kati ya hudhurio moja la kliniki na jingine. Mama atakayekuja mwezi ujao na kusema kwamba mtoto wake hasumbui anastahili kusikilizwa kwa makini zaidi kuliko alivyosikilizwa mwezi uliopita. Apimiwe mtoto uzito na urefu, aulizwe anachompikia, kisha aulizwe kama sufuria, ikishapoa na kuoshwa, humfikia mtoto.